Hesabu Imekugomea Chuoni? Vidokezo 10 vya Kuamua Unaelekea Wapi

Matokeo yametoka. Umeteremka na kidole kwenye simu, somo baada ya somo, mambo safi, hadi ukafika kwenye ule mstari mmoja: Hesabu za Biashara na Takwimu, umeanguka. Na si somo la hiari hili, ni la lazima. Bila hilo, cheti hukioni.

Pole sana. Sasa vuta kiti. Uwe unasoma uhasibu au ununuzi na ugavi pale Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) kampasi ya Singida, uwe mwalimu tarajali Kinampanda, uwe umetoka Manyoni au Mkalama na unasomea mkoa mwingine kabisa, maamuzi yaliyo mbele yako yanafanana: kurudia, kuhama, kusubiri au kuondoka. Yote yanawezekana. Ila kuna namna ya kuamua ambayo haitakuja kukuuma mwakani, na ndiyo tunayoifuata hapa: karatasi kwanza, hasira baadaye.

1. Leo usitangaze chochote

Siku ya matokeo kila mtu ni mwanafalsafa. Huyu anaacha chuo, yule anasema anakwenda kuuza vitunguu, mwingine ameshaandika kwenye status kwamba elimu si kila kitu. Wewe tulia. Kula, oga, tembea mpaka ufukweni mwa Ziwa Singidani upigwe na upepo, kisha lala. Sheria ya siku ya kwanza ni moja tu: huachi chuo, huhami kozi, hupangi wala hufungi geto. Maamuzi ya miaka mitatu hayafanywi saa tatu usiku ukiwa na njaa na simu yenye chaji ya asilimia nne. Kesho utakuwa mtu yuleyule, ila mwenye kichwa kinachofanya kazi.

2. Jua umeanguka anguko lipi

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo. "Nimefeli hesabu" inaweza kuwa na maana nne tofauti kabisa, na kila moja ina mlango wake.

Inawezekana ulianguka kwenye kazi za darasani, yaani majaribio na kazi za kuandika za muhula, zile ambazo wote tunaziita CA. Vyuo vingi vinadai ufikishe kiwango fulani cha CA kabla hujaruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Ukikikosa, mara nyingi hakuna sapu, yaani mtihani wa marudio. Unasubiri somo lifundishwe upya.

Inawezekana CA ilikuwa nzuri ila mtihani wa mwisho ndio uliokuangusha. Hiyo ni sapu, na ndiyo habari nyepesi kuliko zote, hata kama leo haionekani hivyo. Unafanya mtihani mmoja, unaendelea na wenzako. Katika vyuo vingi aliyefaulu sapu hupewa C hata akipata mia kwa mia. Basi C na iwe! Hakuna mwajiri wa halmashauri atakayekuuliza C ile ilitokana na nini.

Inawezekana sapu nayo imeshapita na hukuvuka. Hapo tunazungumzia keri: unabeba somo, au unarudia mwaka, kutegemea kanuni za chuo chako.

Na inawezekana wastani wako wa jumla, GPA, umeshuka chini ya mstari. Katika vyuo vingi mstari huo ni 2.0. Hapo ndipo neno disko, yaani kuondolewa chuoni, linapoingia, na kama ni lako, ruka moja kwa moja hadi kidokezo cha 9 kisha urudi.

Mbinu ya haraka: fungua kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako, kile ulichopewa wiki ya kwanza ukakitupa chini ya kitanda. Tafuta sehemu ya kusapu, kukeri na kudisko. Ni kurasa chache tu. Zisome kalamu ikiwa mkononi, ukipiga mstari penye siku, ada na alama. Ukimaliza utakuwa unajua mengi kuliko nusu ya wanaokupa ushauri.

3. Piga hesabu ya hesabu yako

Kabla ya kukubali kwamba umeanguka, hakikisha. Matokeo huingizwa na binadamu, na binadamu huchoka. Je, alama ya jaribio la pili imeingia? Ile kazi ya kundi mliyowasilisha ikiwa na majina sita, jina lako lilikuwemo? Linganisha alama ulizorudishiwa darasani na zilizo kwenye mfumo wa matokeo.

Halafu fanya hesabu hii ndogo. Tuseme chuo chako kinagawa 40 kwa CA na 60 kwa mtihani wa mwisho, na kufaulu ni 50. CA yako ni 22. Ulihitaji 28 tu kati ya 60, chini kidogo ya nusu ya mtihani. Ulipata ngapi? Kama ni 25, umeanguka kwa alama tatu, swali dogo moja. Kama ni 9, kuna kazi kubwa zaidi, na ni vyema kuijua mapema. Vyuo vingine pia vinataka ufikishe kiwango chake ndani ya mtihani wa mwisho wenyewe, hata kama jumla inatosha, kwa hiyo kiangalie nacho.

Ukiona kweli kuna kasoro, kata rufaa kwa maandishi. Rufaa ina ada na ina siku ya mwisho, na siku hiyo ikipita hata aliye na haki humwachia Mungu.

Bado uko hapo? Vizuri. Swali moja la kuuliza ofisi ya mitihani, liandike mkononi kabisa: je, sapu inasahihishwa peke yake juu ya mia, au inaunganishwa na CA yangu? Jibu hilo linabadilisha mpango mzima wa kujisomea. Mwenye CA ya 32 inayohesabiwa anakwenda vitani na ngao. Ambaye CA yake imewekwa kando anaanza sifuri kama kila mtu.

4. Rudi kidato cha pili bila aibu

Tuongee ukweli kuhusu hesabu katika nchi hii. Mwaka 2022 ufaulu wa Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne ulikuwa takribani asilimia 20. Mwaka 2023 ukapanda kufikia takribani robo ya watahiniwa. Kwa hiyo ukiingia darasa la mwaka wa kwanza chuoni, wengi waliokaa kushoto na kulia kwako walivuka sekondari huku hesabu imebaki nyuma. Hukuzaliwa na kichwa kibovu, ndugu yangu. Umejengewa ghorofa juu ya msingi ambao haukumaliziwa.

Nafuu ni kwamba msingi unamalizika. Chukua mtihani uliokuangusha na uandike pembeni ya kila swali ulikwama wapi hasa. Utashangaa. Ulidhani umeshindwa na matriksi, kumbe ulikosea kuzidisha namba hasi. Ulidhani riba ndiyo adui, kumbe ni desimali. Ulidhani mlinganyo ni mgumu, kumbe hujui kuhamisha namba kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Hayo yote ni mambo ya kidato cha kwanza na cha pili.

Vitabu vyake ni vya bure. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada vya sekondari. Fungua kwenye simu, usome. Anza na sehemu, asilimia, namba hasi na milinganyo midogo. Nusu saa kila siku, kabla hujagusa desa lolote la chuo. Na kama una mdogo wako wa kidato cha pili nyumbani, mfundishe yeye. Atakuuliza maswali ambayo mhadhiri hajawahi kukuuliza, na ukiweza kumjibu, umeshapona.

5. Ipeleke hesabu sokoni

Hesabu za biashara zilitokana na biashara, na Singida biashara haijawahi kukosekana. Badala ya kukariri kanuni hewani, zitie kwenye vitu unavyovijua. Twende na mifano mitatu. Namba ni za mfano tu, wewe weka bei za leo.

Kuku. Unanunua kuku wa kienyeji vijijini kwa shilingi 15,000, unamgharamia 3,000 kwa chakula na usafiri, unamuuza Dar es Salaam kwa 24,000. Kila kuku anakuachia 6,000. Lakini safari yenyewe, yaani nauli yako, vibali na kulala, inakula 120,000 hata ukibeba kuku mmoja. Gawanya 120,000 kwa 6,000: unapata 20. Kuku ishirini wa kwanza wanalipia safari, wa ishirini na moja ndiye anayeanza kukutafutia faida. Hongera, umefanya swali la kiwango cha kutopata hasara, lile ambalo kwenye mtihani lilikuja na herufi tatu na grafu ukaliruka.

Kodi. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Mzabuni ameleta ankara ya 590,000 ikiwa na VAT ndani. Bei kabla ya kodi ni ngapi? Wengi hutoa asilimia 18 ya 590,000 wakapata 483,800, na wote wanakosea. Ile 590,000 ni asilimia 118 ya bei, siyo 100. Gawanya kwa 1.18: 500,000 kamili. Mtu wa ununuzi anakutana na hesabu hii karibu kila ankara inayomfikia mezani.

Mkopo. Hapa ndipo alama nyingi zinapodondoka, basi tusiharakishe. Umekopa 500,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka ili mama aongeze eneo la alizeti. Riba ya kawaida ya mwaka mmoja ni 90,000, unadaiwa 590,000. Sasa swali la mtihani linasema riba inakokotolewa kila robo mwaka na kujumlishwa kwenye deni. Kosa maarufu ni kuchukua 18 mara nne. Hapana! Asilimia 18 ni ya mwaka mzima, kwa hiyo kila robo ni 18 gawanya kwa 4, yaani 4.5. Kisha unazidisha deni kwa 1.045 mara nne mfululizo. Fanya kwenye kikokotoo sasa hivi: 522,500, halafu 546,012.50, halafu inakuja karibu 570,583, na mwisho karibu 596,259. Zile shilingi 6,259 zilizozidi juu ya 590,000 ni riba iliyozaa riba. Ukiielewa hivyo, kanuni yenye herufi na kipeo haiwezi kukutisha tena, kwa sababu unajua inafanya kazi gani.

Na kwa kuwa maswali yenyewe huja kwa Kiingereza, jizoeze jambo hili: kabla ya kukokotoa, andika pembeni kwa Kiswahili chako nimepewa nini, natafuta nini, kipindi ni mwaka au robo. Sekunde thelathini tu. Zinaokoa alama kumi.

6. Funga desa, jipime

Kusoma desa mara tano huku ukitingisha kichwa "ndiyo, ndiyo, naelewa" ni raha sana. Tatizo ni kwamba kichwa kinaelewa mkono wa aliyekokotoa, siyo wako. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko waliosoma tena na tena, ingawa hao wa kusoma tena ndio waliojiamini zaidi. Unaona mtego ulipo?

Kwa hiyo: tafuta mitihani ya miaka iliyopita ya somo lako. Chukua swali moja, funga kila kitu, weka saa, kokotoa mpaka mwisho. Ukikwama, kaa nalo dakika kumi kabla ya kuchungulia jibu. Kesho yake lirudie lilelile kwenye karatasi tupu. Swali ulilolifanya peke yako mara mbili ni lako. Swali ulilotazama rafiki akilifanya kwenye diskasheni ni la rafiki.

Diskasheni yenyewe iwe ya watu watatu au wanne, wote wenye sapu ileile, na kila mmoja apewe mada ya kufundisha wenzake. Watu kumi na wawili kwenye geto moja si diskasheni, ni sherehe bila pilau.

7. Nenda kwa mwalimu ukiwa na karatasi

Walimu wa hesabu wana sifa ya ukali, na wanafunzi wana sifa ya kuwakwepa mpaka siku ya matokeo. Vunja mwiko. Ila usiingie ofisini na "Mwalimu, mimi hesabu sielewi kabisa". Hapo unampa mzigo usio na pa kushika. Ingia na swali moja ulilolianza: "Shikamoo mwalimu. Swali la nne nimefika hapa, mstari wa tatu, nikakwama. Nimekosea wapi?" Mwalimu yeyote anayependa kazi yake atavuta kalamu.

Kabla hujatoka, muulize mambo mawili: sapu huwa inagusa mada zote au zile za mtihani uliopita, na ni kikokotoo gani kinachoruhusiwa. Halafu jizoeze na kikokotoo hichohicho. Kuazima cha mwenzako asubuhi ya mtihani, chenye vitufe usivyovijua, ni kujitafutia presha.

8. Mwambie mzazi wewe, tena kwa tarakimu

Habari ya kuanguka husafiri haraka kuliko basi la asubuhi la Dodoma. Ikitoka kwako ina heshima. Ikitoka kwa mtoto wa jirani ina aibu. Na mzazi aliyeuza magunia ya alizeti kulipa ada anastahili kuisikia kutoka mdomoni mwako.

Siri ni kupiga simu ukiwa tayari na mpango. Kitu kama hiki: "Shikamoo baba. Matokeo yametoka. Masomo saba, nimefaulu sita. Hesabu nimepata sapu. Mtihani wake uko kabla chuo hakijafunguliwa, ada yake nimeshaiulizia, na nimeanza kujisomea na wenzangu wawili." Ataguna. Labda atanyamaza kidogo, na kimya hicho kitakuuma. Lakini amepata habari, kiasi na muda; hajabakiwa na la kuwaza usiku kucha isipokuwa kukuombea.

Ukirudi nyumbani likizo, kubalianeni saa za kusoma mapema. Katika vyuo vingi sapu huja mwishoni mwa likizo ndefu, wakati alizeti imeshavunwa na kazi kubwa ni kupepeta, kupakia na kukamua. Omba alfajiri iwe yako: saa mbili za daftari kabla ya kazi za nyumbani. Mzazi akikuona umeinama mezani kumi na moja alfajiri siku tatu mfululizo, hakuna atakayekutuma dukani.

9. Ikibidi kuhama, hama ukijua uendako

Sasa tufike kwenye lile swali lenyewe: nibaki au niondoke?

Jiulize hivi. Kama kesho somo hili la hesabu lingefutwa, bado ungeitaka kazi inayokuja na kozi hii? Ukijibu "ndiyo" bila kufikiri, basi shida yako ni somo moja, na somo moja halistahili kukunyang'anya taaluma. Baki, pambana nalo. Ukijibu "hapana, hata kozi yenyewe nilichaguliwa na mjomba", basi hesabu imekufanyia wema wa kukuamsha mapema. Hamisha maisha yako kwa amani.

Ila usiruke gizani. Wengi hukimbia uhasibu wakaingia rasilimali watu au masoko, kufika wanakuta Hesabu za Biashara inawasubiri muhula wa kwanza. Kabla ya kuomba kozi mpya, omba orodha ya masomo yake yote, muhula kwa muhula, uipitie mwenyewe. Uliza pia ni masomo mangapi uliyofaulu yanaweza kuhamishwa ili usianze upya kabisa.

Kama umedisko, angalia kwanza mkononi una nini. Vyuo vilivyo chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, vinakwenda kwa ngazi: ya 4 na ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, na kuendelea. Aliyekwama ngazi ya 6 hajapoteza ngazi alizozikamilisha. Ulizia hati zako, ni zako. Udahili nao hauko mara moja tu: kando ya ule wa Septemba na Oktoba, baadhi ya vyuo vya kati, TIA ikiwemo, vimekuwa na udahili wa Machi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo chake hapa Singida, kwa anayetaka kusoma huku anafanya kazi. VETA nayo ipo mjini, na hapo nikutahadharishe kwa upendo: fundi umeme anakokotoa, fundi magari anapima, mshonaji anagawa kitambaa kwa sentimita. Hesabu haikwepeki kabisa, ila ikiwa na nyundo au cherehani pembeni huwa rafiki zaidi.

Fedha iangalie kwa macho makavu. Kurudia mwaka ni ada, kodi ya chumba na chakula vya mwaka mzima. Andika jumla yake kwenye karatasi moja, na kwenye nyingine andika gharama ya kuanza kozi mpya toka mwanzo. Weka karatasi hizo mbili mbele ya wazazi. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), nenda kwa afisa mikopo wa chuo kabla hujasaini fomu yoyote ya kurudia, kuahirisha au kuhama, umuulize bumu litakuwaje. Bodi hufuata matokeo na usajili vinavyotumwa na chuo, na anayeshtuka mwaka umeshaanza hujikuta anakula mlo mmoja.

Na usidanganywe na neno "kuahirisha". Kuahirisha masomo kwa ugonjwa, uzazi au msiba kuna utaratibu wake na ni haki. Kuondoka kimyakimya bila barua ni kufuta jina lako mwenyewe.

10. Kimbia anayeuza alama

Hapa hatutanii. Kila msimu wa sapu hutokea mtu wa "kukuunganishia". Anataka laki, au anasema ana mtihani mkononi. Mara nyingi ni tapeli tu, na unapogundua, hela imeondoka na siku za kusoma zimeondoka nayo. Ikiwa kweli ana mtihani, ni mbaya zaidi: ukikamatwa, hutasapu tena, utafukuzwa.

Na kama mtu yeyote mwenye mamlaka juu ya alama zako anakudai mwili wako ili ufaulu, jina lake ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeifanya kuwa kosa la jinai kwenye kifungu cha 25. Usifute ujumbe wake. Usiende peke yako mahali anapokuita. Mwambie mtu unayemwamini, na piga TAKUKURU kwa namba 113, simu ni bure. Wewe hujakosea lolote. Kuanguka hesabu hakumpi mtu yeyote haki juu yako.

Haya basi, kazi ya kesho asubuhi ni hii: ofisi ya mitihani ikifunguliwa, uwe mlangoni. Uliza tarehe ya mwisho ya kujisajili kwa sapu, ada yake, na namna ya kupata kontroo namba ya kulipia. Lipa, tunza risiti, piga picha ya risiti. Vyuo vingi havimruhusu kuingia chumba cha mtihani mwanafunzi ambaye hakujisajili kwa wakati, hata awe amejua kila swali. Jisajili kwanza.